Harusi ya Bali Isiyomgharimu Mtu

Leo nimekuja na lalamiko, na nitalitoa bila haraka, kwa sababu filamu ninayoilalamikia niliitakia mema tangu nilipoona tangazo lake. Inaitwa Ticket to Paradise. Ilitoka mwaka 2022, mwongozaji wake ni Mwingereza Ol Parker, yule aliyeongoza Mamma Mia! Here We Go Again, na masteringi ni wawili wasiohitaji utambulisho: George Clooney na Julia Roberts. Ukiniambia hao wawili watagombana kwa dakika 104 huku nyuma yao bahari inameremeta, mimi tikiti nakata kwanza, hadithi nauliza baadaye.

Hadithi yenyewe ni hii. David na Georgia walioana wakiwa vijana, wakaishi pamoja miaka 5, wakaachana kwa ubaya. Tangu hapo hawawezi kukaa chumba kimoja bila kurushiana maneno. David ni msanifu majengo, Georgia yuko kwenye biashara ya sanaa. Wana binti mmoja, Lily, nafasi iliyochezwa na Kaitlyn Dever, ambaye ndiyo kwanza amemaliza masomo ya sheria. Kabla hajaanza kazi anakwenda Bali, kule Indonesia, kupumzika na rafiki yake. Siku moja wako baharini, mashua inawaacha, na anayekuja kuwaokoa ni kijana wa hukohuko aitwaye Gede, mkulima wa mwani. Siku 37 zinapita, wazazi wanapata habari: binti anaolewa, uwakili basi, anabaki Bali. Wale waliokuwa hawasalimiani wanapanda ndege wakiwa wamekubaliana jambo moja tu, kwamba watajifanya wamefurahi, wampake kijana mafuta kwa mgongo wa chupa, na chini kwa chini waivunje ndoa hiyo kabla haijafungwa.

Sasa hapo kimepungua nini? Wagomvi wapo, siri ipo, siku ya harusi imeshapangwa na inakaribia. Mtu yeyote aliyewahi kuandika hata igizo la dakika 10 la redio angekuambia kwamba hapo kazi nusu imekwisha. Nadhani waliotengeneza filamu hii nao walijiambia hivyohivyo, wakaiacha hiyo nusu nyingine.

Wako wanaoziona filamu za vichekesho vya mapenzi kama kitu cha kuangalia huku unapiga pasi. Mimi naziheshimu. Filamu ya Frank Capra ya mwaka 1934, It Happened One Night, ambayo ni kisa cha binti tajiri aliyetoroka kwao na mwandishi wa habari anayemfuata kwa ajili ya kupata stori, ilizoa Oscar zote 5 kubwa: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na uandishi. Hakuna filamu iliyokuwa imewahi kuzikusanya zote kabla ya hapo. Kuwachekesha watu na palepale kuwafanya waombe wawili fulani wapatane ni kazi ngumu. Tunaidharau kwa sababu ikifanywa vizuri jasho halionekani.

Na hii mada ya walioachana kurudiana si ngeni hata kidogo. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 Hollywood ilibanwa kwelikweli na kanuni za maadili. Uzinzi usipambwe, kitandani pasikaribiwe. Waandishi wakatafuta mlango wa nyuma, wakaupata kwenye talaka: chukua mume na mke walioachana, watu ambao wameshajuana na hawana cha kufichana, halafu matamanio yao yote yahamishie mdomoni. Ndiyo tukapata The Awful Truth ya mwaka 1937, ambamo Cary Grant na Irene Dunne wanafika mahakamani wakigombea mbwa. Ndiyo tukapata The Philadelphia Story, na His Girl Friday, zote mbili za mwaka 1940. Mwanafalsafa mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Stanley Cavell, aliandika kitabu kizima mwaka 1981 kuhusu filamu za aina hii tu, za mtalaka kumrudia mtalaka wake. Kwa hiyo Ol Parker hakuwa anavumbua kitu. Alikabidhiwa nyumba ambayo msingi wake umekuwepo kwa zaidi ya miaka 80.

Ngoja nikae kidogo kwenye His Girl Friday, maana hapo ndipo utaona tofauti. Rosalind Russell ni Hildy, mwandishi hodari wa magazeti. Anaingia ofisini kwa mhariri wake wa zamani ambaye pia ni mume wake wa zamani, Cary Grant, kumwambia kwamba kesho anaolewa na mtu wa bima, mpole, anayeishi na mama yake, na gazeti ameliacha. Grant hapigi magoti. Hamwambii kwamba bado anampenda. Anamwambia kuna mtu atanyongwa alfajiri na hakuna anayeweza kuiandika habari hiyo isipokuwa wewe. Kuanzia hapo anamvurugia yule bwana harusi maisha. Mara amesingiziwa kuiba saa, mara amekutwa na noti bandia, kila akitoka mahabusu anarudishwa. Na wakati huohuo yule anayetakiwa kunyongwa ametoroka, amejificha ndani ya meza ya kuandikia yenye kifuniko, katika chumba ambacho waandishi na maaskari wanaingia na kutoka. Watu wanaongea wakikatizana, mmoja hajamaliza mwingine ameshadakia, na wewe unacheka huku tumbo limekaza kwa sababu meza ile ikifunguliwa mtu atakufa.

Kicheko cha pale kina hasara nyuma yake. Hildy akikosea, ama anapoteza kazi anayoipenda ama anapoteza maisha ya utulivu aliyoyataka. Yule mtu wa bima naye anaumia kweli, na filamu haijifanyi kwamba haumii. Ticket to Paradise kila inapokaribia hasara ya namna hiyo, inaligeukia jua la machweo.

Chukua pete. Katika hila za wazazi hawa, hila kubwa ni kuiba pete za harusi. Mbele ya msikilizaji wangu yeyote mwenye binti, hilo ni tendo zito: mama mzazi anaingiza mkono kwenye ndoa ya mwanawe. Ungetegemea siku zitakapogundulika nyumba iwake moto. Zinagundulika. Lily anaumia, tunaonyeshwa sura ya kuumia, kisha panapita mazungumzo ya sauti ya chini, na mambo yanalainika. Harusi inasogea mbele kana kwamba aliyekuwa amepotea ni mwavuli.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Julia Roberts mwenyewe alishawahi kutuonyesha hila za kuvunja harusi zinavyochezwa. Mwaka 1997, My Best Friend's Wedding. Anamtaka rafiki yake wa zamani, rafiki anaoa msichana mwingine, Cameron Diaz, na Julia ana siku chache za kuharibu. Kuna sehemu moja wako kwenye ukumbi wa karaoke. Anajua fika kwamba yule binti hawezi kuimba na anaogopa kipaza sauti, basi kwa makusudi anamsukumia jukwaani ili aaibike mbele ya mchumba. Binti anaimba. Anaimba vibaya mno, sauti inapasuka, anatetemeka, lakini hakimbii. Ukumbi unaanza kwa kuguna, halafu unampenda, na mchumba wake anamtazama kwa macho ambayo Julia hajawahi kutazamwa nayo. Kamera inarudi kwa Julia, na usoni pake unaona mtu aliyejichimbia kaburi. Baadaye kabisa anakimbizana na mwanamume anayemkimbilia mwingine, na mwisho wa filamu hakumpata. Mwigizaji mpendwa kuliko wote Marekani wakati ule, na filamu ilimwacha apoteze! Miaka 25 baadaye uso uleule, tabasamu lilelile, na hakuna aliyethubutu kumnyima kitu.

Clooney je? Clooney alipewa sehemu moja nzuri, na lazima niitaje, kwa sababu sikuja hapa kuponda tu. Ni baa ya hoteli, usiku, David anamsimulia rafiki wa binti yake, anayechezwa na Billie Lourd, jinsi mambo yake na Georgia yalivyoanza, na habari ya nyumba waliyokuwa wakiijenga ukingoni mwa ziwa ikaja kuungua. Hakuna hila pale, hakuna mzaha wa kujikwaa. Anaongea kama mtu ambaye kisa hicho hajakisimulia kwa muda mrefu na anakiogopa. Nikasogea mbele kwenye kiti. Nikasema haya, filamu imeanza sasa. Kumbe ndiyo ilikuwa imefika mwisho wake mzuri, kwani kwingineko pomboo anamng'ata Clooney, nyoka anamng'ata mpenzi mpya wa Georgia, na wazee wanalewa wakacheza muziki wa miaka ya 1990 mbele ya watoto wao walioona haya. Nilicheka kwenye kucheza, sikatai. Clooney anacheza vibaya kwa ufundi mkubwa.

Sasa niseme la Gede na mwani wake, maana hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia kabisa, na nadhani wasikilizaji wa Unguja na Pemba watanielewa.

Mkulima wa mwani. Ni mara ngapi Hollywood inamfanya mkulima wa mwani awe bwana harusi? Nilipigwa na butwaa la furaha. Nenda Paje au Jambiani bahari ikiwa imetoka, siku za bamvua, utawaona kina mama wako ndani ya maji, kanga zimefungwa vizuri, migongo imeinama. Kamba imevutwa kati ya vigingi viwili vilivyokitwa mchangani, na kwenye kamba wanafungia vipande vya mwani kwa taitai, kimoja kimoja, mamia, kabla maji hayajajaa. Wiki kama 6 baadaye wanavuna, wanabeba mzigo unaotiririka maji ya chumvi, wanaanika, wanauza kwa kilo. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Aina yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyopata joto, wakabaki na spinosum ambayo bei yake ni ndogo. Lakini fedha hiyohiyo ndogo imejenga vyumba, imelipa ada, na imewapa kina mama sauti ndani ya nyumba ambayo mama zao hawakuwa nayo. Mwanamke mwenye fedha zake za mwani hamjibu mumewe kama zamani. Mtu akitaka kuandika kichekesho cha mapenzi, hapo pana vitabu vitatu.

Na Bali nako hadithi ipo, tena ya kusisimua. Ng'ambo kidogo ya Bali kuna visiwa vya Nusa Lembongan na Nusa Penida, ambako mwani umelimwa kwa miongo kadhaa. Utalii ulipopamba moto watu wakaacha kamba baharini wakaenda kufanya kazi hotelini na kuendesha maboti ya watalii. Ikaja Korona mwaka 2020, watalii wakatoweka, na watu wakarudi majini kufunga mwani kama wazazi wao. Fikiria hapo: kijana aliyekuwa akiwabebea watalii mabegi amerudi kulima, na anayempenda ni mtalii! Kuna swali zito ndani ya mapenzi hayo. Je, akiondoka? Je, bei ikianguka? Je, huyu wakili atafunga kamba asubuhi baridi, au atakaa kibarazani kupiga picha?

Gede wa filamu hana maswali hayo. Maxime Bouttier anamcheza vizuri, ana utulivu na uso unaopendwa na kamera, lakini mwani wake ni wa mapambo. Shamba ni safi, biashara imestawi, ukoo wote unatabasamu. Wazazi wa Lily wanavuna naye kidogo huku wakitaniana, kisha tunaendelea. Na ile Bali yenyewe si Bali. Kwa kuwa ilikuwa wakati wa Korona, walipigia picha Queensland, Australia, kwenye visiwa vya Whitsunday na maeneo mengine ya jimbo hilo. Hilo si kosa, sinema ni uongo tangu mwanzo. Ila inakuambia kitu: wakati wakulima halisi wa visiwa vile walikuwa majini kwa sababu hoteli hazikuwa na wageni, mkulima wa filamu alikuwa nchi nyingine kabisa, amevalishwa, ananyunyiziwa maji.

Kuna jambo lingine ambalo mtazamaji wa kwetu atalishika mara moja, wala hahitaji kusomea filamu. Atauliza: wazazi wa kijana wamesema nini? Posa imekwenda kwa nani? Kwa desturi ya Bali bibi harusi anaingia ukoo wa mume, anaingia hekalu la familia, anabeba wajibu wa kijiji, sadaka za kila siku, sherehe zisizokwisha. Hiyo ni mizigo ya kweli. Mama mkwe wa Kibali amepewa mkwe Mmarekani aliyekuja kwa likizo, na hana hata swali moja? Wazazi wa Kimarekani wanaruhusiwa kuikataa ndoa kwa saa nzima ya filamu, na wenyeji wao kazi yao ni kuwakaribisha. Mimi ningelipa mara mbili kumwona mama yake Gede akimkalisha Julia Roberts mkekani na kumhoji.

Halafu, kwa haki kabisa, David na Georgia wana hoja. Binti amesoma miaka yote ile, amekutana na mtu mwezi mmoja uliopita, anataka kuacha vyote. Mzazi gani asingepiga kelele? Filamu ilitakiwa impe Lily jibu, amsimamishe mbele ya baba yake aseme kwa nini. Badala yake mwandishi amewafanya wazazi waone aibu, basi, hoja ikafa yenyewe. Kaitlyn Dever ni mwigizaji mkali, aliyemwona katika Unbelievable ya mwaka 2019 anajua. Hapa amepewa kazi ya kutabasamu na kulengwalengwa na machozi.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa filamu hii iliingiza zaidi ya dola milioni 160 duniani, wakati iligharimu kama milioni 60. Nitaambiwa watu walikuwa wametoka kufungiwa ndani, walitaka jua na watu wazuri, na kwamba wakati ule filamu za aina hii zilikuwa zikitupwa moja kwa moja kwenye majukwaa ya intaneti bila kupita kumbi za sinema. Yote kweli. Na nilifurahi ilipojaza watu, kwa sababu kila filamu ya mapenzi inayolipa inamrahisishia anayefuata kupata mtaji. Lakini waliokata tikiti walimlipia Clooney na Roberts, kama nilivyofanya mimi, na hao wawili walilipwa na historia yao: Ocean's Eleven ya mwaka 2001, Money Monster ya mwaka 2016, na nyingine kati yake. Tulikuja tumeshawapenda, na filamu ikakaa hapo ikila mtaji wetu.

Ushahidi wa hayo umo ndani ya filamu yenyewe, na ni wao walioutia. Mwishoni, majina yakiwa yanapita, wameweka vipande vilivyoharibika wakati wa kupiga picha. Clooney anasahau maneno, Julia anaangua kile kicheko chake, mmoja anamchokoza mwingine nje ya muswada. Mnaojua vibanda umiza mnajua kwamba majina yakianza kupita watu wanasimama, viti vinagongana, filamu imekwisha. Hapa ningewaomba mkae. Mle ndani mna watu wawili wa makamo waliojuana miaka mingi, wanaochokana na kupendana kwa wakati mmoja, hakuna anayejua mwenzake atasema nini sekunde inayofuata. Filamu niliyoahidiwa ilikuwa ile.

Maana kabla ya hapo ilishaishia pale kila mtu alipotabiri tangu dakika ya 10: David na Georgia wako kwenye boti, wanaondoka, wanatazamana, wanaruka majini wakiwa wameshikana kurudi ufukweni. Wanarukia maji ya uvuguvugu, nguo nzuri zinalowa, na hakuna kitu kingine chochote kinachopotea. Kazi zao huko Marekani? Nyumba? Ile sababu iliyowafanya waachane, ambayo kule baa tulidokezewa kidogo tu? Kimya.

Kwa anayetaka kuondoa ladha hiyo mdomoni, His Girl Friday haina tena hakimiliki nchini Marekani na inapatikana bure mtandaoni. Ina dakika 92, pungufu kwa 12 kuliko Ticket to Paradise. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na wanaongea kwa kasi kiasi kwamba ukitegemea maandishi ya chini ya kioo utaachwa nyuma, kwa hiyo mara ya kwanza iangalie kwa ajili ya Rosalind Russell, jinsi anavyovua na kuvaa kofia yake, na ya pili ndiyo uyasome maneno.